Kukabidhi Daftari la Hesabu ya Kanisa

Wazee husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutajwa zaidi madukani na katika vyama vya ushirika, lakini inalihusu kanisa vile vile. Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapokaribia kwisha, katika mitaa mingi ya makanisa nchini Kenya kuna mtu mmoja ambaye huketi mezani na vitabu vyake, akahesabu watoto waliobatizwa, watu wazima waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliozikwa, kisha mwisho akaandika jumla ya Wakristo wa mtaa mzima. Karatasi hiyo hupelekwa kwenye afisi ya dayosisi, ikajumlishwa pamoja na karatasi za mitaa mingine.

Kazi yenyewe mara nyingi haina mshahara, na ni nadra kusikia mtu akishukuriwa kwa ajili yake. Mtu mmoja aweza kuifanya miaka ishirini au thelathini bila kuulizwa neno. Basi siku anapoiacha, watu hudhani kwamba amekwisha kukabidhi kila kitu akitoa vitabu na ufunguo wa kabati. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo haimo vitabuni, imo kichwani mwake.

Vitabu vya kanisa ni desturi ya zamani sana. Huko Uingereza, mwaka wa 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila mtaa wa kanisa uwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko, kiandikwe kila juma. Tena aliagiza kitabu hicho kitiwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ushikwe na kasisi na wa pili ushikwe na wazee wa kanisa. Yaani hata zamani zile iliogopwa kwamba habari za watu wengi zikae katika mikono ya mtu mmoja. Mwaka wa 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko wa Kanisa Katoliki waandike ubatizo na ndoa. Wamisionari waliileta desturi hii Afrika ya Mashariki, na watu wengi ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wamethibitisha umri wao kwa cheti cha ubatizo.

Lakini ubatizo na ndoa ni mambo yaliyotendeka siku moja, mbele ya mashahidi, yakaandikwa. Jumla ya Wakristo si jambo la namna hiyo. Watu huhama, hufariki mbali na kwao, huoa kwingine, huacha kusali au hujiunga na makanisa mengine, na ni wachache wanaokuja kuandikisha kwamba wameondoka. Mkulima ataelewa upesi. Maziwa yaliyopimwa leo asubuhi kwenye mizani ya ushirika hayana ubishi. Lakini mtu akiulizwa ana kuku wangapi, yampasa kwanza aseme kama anahesabu na vifaranga, na wale walioko kwa jirani, na wale waliochukuliwa na mwewe tangu alipohesabu mara ya mwisho. Watu wawili waweza kusimama katika boma moja, kila mmoja akataja hesabu yake, na wote wawili wasiwe waongo.

Jambo hili lilionekana wazi katika mtaa mmoja wa magharibi mwa Kenya, wenye makanisa madogo kadhaa yaliyotawanyika vilimani. Katibu wa mtaa huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ambaye alikuwa ameshika hesabu za kanisa kwa muda wa karibu miaka thelathini. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Macho yake yalipoanza kufifia, baraza la wazee lilimchagua mama mmoja kijana, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, achukue mahali pake.

Jumamosi moja alasiri, wawili hao walikutana katika chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu, pamoja na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kushuhudia. Mwalimu alikuwa amepanga kila kitu juu ya meza: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha maziko; faili yenye nakala za fomu za kila mwaka; na daftari moja la shule lililofunikwa kwa karatasi ya kaki. Alikuwa amekwisha kuandika barua fupi ya makabidhiano. Akamsogezea kalamu.

"Hivi ndivyo vyote, binti yangu. Tia sahihi hapa."

Karani hakuishika kalamu. Alikaa kitambo, kisha akasema kwa heshima, "Mwalimu, unisamehe. Kule kwetu ushirika mtu hapokei ghala kabla magunia hayajahesabiwa na watu wawili, anayetoka na anayeingia."

"Je, wadhani nimekula magunia?"

"La, Mwalimu. Nataka tu kujua namna ulivyokuwa ukihesabu. Nisije mwakani nikahesabu kwa namna yangu, watu wakadhani Wakristo wameongezeka au wamepungua, kumbe kilichobadilika ni kalamu."

Mzee alinyamaza. Ilionekana kwamba neno hilo lilimchoma kidogo, maana mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila malipo hapendi kusikia habari ya ghala na magunia. Lakini alikuwa amefundisha hesabu shuleni, naye alijua kwamba swali lilikuwa la haki. Akalivuta lile daftari la karatasi ya kaki, akalifungua.

Ndani yake yalikuwamo majina ya Wakristo wote, nyumba kwa nyumba, na kando ya majina kulikuwa na alama ndogo ndogo. Nukta ilionyesha mtu aliyekwenda kufanya kazi mbali, kama Nairobi, Mombasa au Eldoret, lakini bado ni wa hapa. Msalaba ulionyesha mtu aliyefariki mbali na kuzikwa huko huko, kwa hiyo jina lake halimo katika kitabu cha maziko. Duara lilikuwa la mtu aliyejiunga na kanisa jingine. Tena kulikuwa na mstari uliopinda, wa mtu aliyepo nyumbani ila haonekani tena kanisani. Nukta na misalaba iliandikwa kwa wino. Maduara na mistari iliyopinda iliandikwa kwa penseli. Alipoulizwa sababu, Mwalimu alisema kwamba mtu wa penseli aweza kurudi.

Hakuna mtu mwingine katika mtaa mzima aliyejua maana ya alama hizo. Kama Mwalimu angefariki usiku ule, daftari lingebaki kabatini, lakini hapana ambaye angeweza kulisoma.

Karani akaendelea kuuliza. Je, wenye nukta wamo katika jumla inayopelekwa dayosisi? Wamo. Wenye mstari uliopinda? Wamo. Wenye duara je?

"Wamo," alisema Mwalimu. "Mama zao wako hapa kila Jumapili. Ukimfuta mtoto, utamwambia nini mama yake?"

Karani akaonyesha kwa kidole duara moja lililokuwa limefifia, kama lililofutwa na kuandikwa tena mara nyingi. Kabla hajauliza, mzee akasema, "Huyo ni wangu. Yuko Nairobi. Anasali kwingine sasa, huu ni mwaka wa tisa."

Ndipo ilipofahamika jinsi jumla ile ilivyopatikana. Mwalimu aliipokea kwa katibu aliyemtangulia, na kila mwaka akaongeza waliobatizwa na kutoa waliozikwa na wale wa msalaba ambao habari zao zilimfikia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na aliyemkabidhi, na fomu ya dayosisi haikuwa na mahali pa kuandika waliohama wala walioacha. Hakuficha kitu wala hakuongeza mtu asiyekuwako. Lakini hesabu ya namna hiyo ina ubaya wake. Tuseme kila mwaka watu kumi huondoka bila kutolewa. Mwaka wa kwanza hakuna atakayeona. Baada ya miaka thelathini, katika karatasi kuna watu mia tatu ambao hawako, na kasisi atanunua mkate na divai, atapanga viti, ataomba shule ya Jumapili ijengwe, yote kwa ajili ya watu wasiokuwako.

Wale wawili walikubaliana kwamba barua ya makabidhiano ingoje. Kwa Jumamosi tatu walizunguka katika makanisa madogo yote, na katika kila moja waliketi na mzee wa mahali pale, wakasoma daftari jina kwa jina. Mwalimu alisoma, mzee akajibu, na karani akaandika. Waliokuwako waliandikwa upande mmoja, wa mbali upande mwingine, walioacha upande wao.

Yaliyoonekana hayakuwa kama walivyotazamia. Ni kweli kwamba wengi walikuwa wameondoka. Lakini pia walikutwa watu ambao hawakuwa wameandikwa kamwe: wake walioolewa kutoka mitaa mingine, ambao walisali hapo miaka mingi na majina yao yamebaki kwao walikozaliwa, na watoto waliobatizwa mjini, wakaletwa kulelewa na nyanya zao. Bibi mmoja mzee alikuwa na wajukuu watano wa namna hiyo katika nyumba moja, wote waimbaji wa kwaya, na hakuna hata mmoja aliyekuwamo daftarini. Basi haikuwa kupunguza tu. Hata hivyo, yote yalipojumlishwa, hesabu mpya ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, tena si kwa kidogo.

Walipofika kwenye kanisa la nyumbani kwake, Mwalimu alisoma majina ya nyumba yake mwenyewe kwa sauti ile ile aliyosomea ya watu wengine. Alipofika kwenye jina la mwanawe, mzee wa mahali pale alinyamaza asijue la kujibu. Mwalimu akajijibu mwenyewe, "Hayupo." Karani akaandika.

Habari hiyo ilipopelekwa mbele ya baraza la wazee, palitokea maneno mengi. Mmoja alisema kwamba mtaa ulikuwa umeomba kasisi wa pili, na kwa hesabu hii ndogo hawatampata. Mwingine alifurahi, maana mchango wa mtaa kwa dayosisi hukadiriwa kwa idadi ya Wakristo, kwa hiyo alitaka karatasi ipelekwe upesi. Wa tatu alisema kwamba watu watacheka, waseme kanisa limekufa mwaka ule ule liliposhikwa na mwanamke. Wa nne alifungua Biblia, akakumbusha kwamba Mfalme Daudi aliadhibiwa kwa sababu ya kuhesabu watu, kama ilivyoandikwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 24. Hivyo kila mmoja alitaka hesabu imtumikie kwa njia yake, na hakuna aliyeuliza kama ni ya kweli.

Karani alinyamaza, kwa kuwa alikuwa mdogo katika baraza hilo. Mwalimu ndiye aliyesimama. Alisema kwamba ni kweli Daudi aliadhibiwa, lakini Musa aliamriwa kuhesabu, tena mara mbili, na habari hizo zimo katika Kitabu cha Hesabu. Mara ya kwanza, katika mlango wa 1, Musa alihesabu pamoja na Haruni, wakapata wanaume 603,550. Mara ya pili, katika mlango wa 26, Haruni alikuwa amekwisha kufa, na Musa alihesabu pamoja na Eleazari, mwana wa Haruni, wakapata 601,730.

"Fanyeni hesabu," akasema mzee, kama aliyekuwa darasani. "Walipungua 1,820. Mtoto aliposhika kazi ya baba yake, watu walipungua. Je, kuna aliyemwambia Eleazari aongeze ili asiaibike? Iliandikwa kama ilivyokuwa."

Kisha akaeleza jambo la pili. Mara zote mbili waliohesabiwa walikuwa wanaume wa miaka ishirini na zaidi, wawezao kwenda vitani, na Walawi walihesabiwa mbali, tangu mtoto wa mwezi mmoja. Kanuni haikubadilika, kwa hiyo aliyezisoma hesabu hizo aliweza kujua kwamba kilichopungua ni watu. "Lakini sisi tumebadili kanuni," alisema Mwalimu. "Mimi nilihesabu wote waliopata kuwa wetu. Huyu binti amehesabu walio wetu leo. Tukipeleka hesabu yake peke yake, dayosisi watadhani watu hawa wote wamekimbia mwaka huu. Tukipeleka yangu, tutakuwa tumewadanganya tukijua. Basi tupeleke zote mbili, na tueleze."

Ndivyo ilivyofanyika. Katika barua ya makabidhiano iliandikwa jumla kwa kanuni ya zamani, na chini yake jumla kwa kanuni mpya, pamoja na maelezo ya nani amehesabiwa na nani hakuhesabiwa katika kila moja. Mwalimu aliandika kwa mkono wake ukurasa mzima wa maana ya alama zake: nukta, msalaba, duara na mstari uliopinda. Ndipo karani alipotia sahihi, na Mwalimu akatia yake, na mzee wa kanisa akashuhudia. Kuhusu kasisi wa pili, baraza liliamua kuandika barua mbali, kueleza umbali wa makanisa madogo na ubaya wa njia wakati wa mvua, maana hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kweli ya kumtaka.

Tena majina yale ya walioondoka hayakutupwa. Karani aliyaandika katika daftari jingine, na wale wa penseli aliwaandika kwa penseli.

Mambo ya mtaa huo mdogo si ya pekee. Kazi kubwa ya kuhesabu Wakristo wa dunia nzima imepita katika makabidhiano ya namna hiyo hiyo, na sehemu moja kubwa ya habari hiyo ilitendeka Nairobi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wataalamu wa misioni huko Uingereza walitoa kitabu cha hesabu za makanisa kiitwacho World Christian Handbook, ambacho kilitoka mara tano, kuanzia mwaka wa 1949 hadi 1968. Kazi hiyo ikapokewa na David Barrett, mtu wa Wales aliyezaliwa mwaka wa 1927, ambaye alijifunza kwanza ufundi wa ndege, kisha akawa kasisi wa Kianglikana, akaja Kenya mwaka wa 1957 na kufanya kazi Nyanza. Huko aliona jinsi makanisa mapya ya Kiafrika yalivyokuwa yakizaliwa, mengi yao yasiyokuwamo katika hesabu za mtu yeyote.

Barrett alikaa Nairobi miaka mingi akikusanya habari, akisafiri nchi nyingi na kuandikia watu barua. Mwaka wa 1982 kikatoka kitabu kikubwa, World Christian Encyclopedia. Alipokuwa akiifanya kazi hiyo, jambo moja alilisisitiza sana, nalo ndilo lile lililokuwa juu ya meza ya Mwalimu na karani: kwamba Wakristo wanaojitaja wenyewe katika sensa ya Serikali ni hesabu moja, na Wakristo walioandikwa katika vitabu vya makanisa ni hesabu nyingine. Tena mtu aliyeandikwa katika makanisa mawili lazima ajulikane, asihesabiwe kama watu wawili.

Mwaka wa 1985 kazi hiyo ilihamia Richmond, katika jimbo la Virginia, Marekani, na kuanzia mwaka huo Barrett alitoa jedwali la hesabu za kanisa la dunia kila mwaka katika jarida moja la misioni. Mwaka wa 1989 alijiunga naye kijana aitwaye Todd Johnson. Hawakupokezana siku moja mlangoni. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, na toleo la pili la kitabu, la mwaka wa 2001, lina majina yao wote wawili pamoja na la George Kurian. Mwaka wa 2003 kituo cha utafiti huo kikawekwa katika chuo cha dini cha Gordon-Conwell, huko Massachusetts, chini ya Johnson. Barrett alifariki mwaka wa 2011. Toleo la tatu, la mwaka wa 2020, lilitengenezwa na Johnson pamoja na Gina Zurlo. Yule aliyeanza Nairobi kwa barua na kalamu hakuliona toleo hilo, lakini waliolitengeneza walikuwa wamekwisha kujifunza kanuni zake.

Hata hivyo, hesabu ikitengwa na kanuni yake hupotosha, hata ikiwa imeandikwa na mtaalamu. Katika toleo la mwaka wa 1982 ilisemwa kwamba dunia ina madhehebu 20,800, na katika toleo la 2001 ikasemwa 33,820. Watu wengi walizichukua hesabu hizo na kuzitangaza kama kwamba Wakristo wamegawanyika vipande hivyo vyote. Lakini kanuni ya kitabu ilikuwa kuhesabu dhehebu nchi kwa nchi. Kanisa moja lililo katika nchi mia moja lilihesabiwa mara mia moja. Waliobeba hesabu bila kanuni walibeba gunia wasilojua lina nini ndani.

Kanisa Katoliki nalo lilianzisha Afisi Kuu ya Hesabu huko Vatikano mwaka wa 1967, wakati wa Papa Paulo wa Sita. Kila jimbo la Kikatoliki hujibu maswali yale yale kila mwaka, kama mambo yalivyokuwa tarehe 31 Desemba. Maaskofu hubadilika na makarani hubadilika, lakini swali na tarehe hubaki. Serikali ya Kenya ilifanya vivyo hivyo katika sensa ya mwaka wa 2019: walihesabiwa watu kama walivyolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, wakapatikana 47,564,296. Mtu aliyelala Nakuru usiku ule alihesabiwa Nakuru, hata kama nyumbani kwake ni Kakamega. Sensa hiyo iliuliza pia dini ya mtu, na waliojitaja kuwa Wakatoliki walikuwa zaidi ya milioni 9.7. Hakuna anayetazamia kwamba hesabu hiyo ilingane sawasawa na ile ya maparokia, kwa kuwa moja ilimwuliza mtu mwenyewe na nyingine iliuliza kitabu.

Basi mwenye kukabidhi kazi hii, na mwenye kuipokea, yafaa wafanye mambo machache. Kwanza, anayetoka aandike kwa maneno ni nani aliyekuwa akimhesabu: watoto wamo? walioko mjini wamo? walioacha kusali wamo? Pili, aandike maana ya kila alama aliyoiweka kando ya majina, hata ile anayoiona kuwa ndogo. Tatu, itajwe tarehe moja ya hesabu, nayo isibadilishwe ovyo. Nne, hesabu ya mwaka wa makabidhiano ifanywe na wote wawili pamoja, kama ghala lipokewavyo. Tano, ikiwa kanuni lazima ibadilike, hesabu zote mbili ziandikwe katika mwaka huo mmoja, ili atakayesoma baadaye ajue daraja liko wapi. Sita, nakala moja ibaki mtaani na nyingine iende dayosisi, wala vitabu vyote visikae nyumbani kwa mtu mmoja.

Na wazee wa kanisa nao wana wajibu wao. Wasimtazame karani mpya kama mtu aliyepoteza kondoo, ikiwa kosa lake ni kuwahesabu tu. Wala wasimtazame yule wa zamani kama mwongo, ikiwa alifuata kanuni aliyopewa na akawa hana moyo wa kumfuta mtoto wa jirani. Mara nyingi mtu huyo ndiye pekee anayejua nani alikwenda wapi na mwaka gani, na ujuzi huo ni wa thamani kuliko jumla iliyo chini ya ukurasa. Kasisi mwenye busara atakwenda kuketi naye akiwa bado ana nguvu za kusema, na karani mpya awepo na kalamu yake.

Wako makatibu wengi katika mitaa ya nchi hii ambao wamezeeka na vitabu vyao, na bado hawajaulizwa neno. Desemba haiko mbali. Kila mmoja aweza kuanza kwa ukurasa mmoja tu, aeleze namna anavyohesabu, autie tarehe na sahihi yake, kisha auweke ndani ya daftari mahali ambapo atakayemfuata ataukuta.